Arthur Ashe: Bingwa Aliyenyamaza Uwanjani

Mlio jikoni, mlio safarini, mlio kazini usiku huu, vuteni viti karibu.

Leo nataka tuzungumze juu ya mcheza tenisi. Najua wapo wanaosema: ah, tenisi! Mchezo wa watu wa klabu, wenye nguo nyeupe na maji ya barafu, unatuhusu nini? Subirini kidogo. Mtu wa leo alizaliwa mahali ambapo viwanja vizuri vya mchezo huo vilikuwa haramu kwake. Alikatazwa kucheza katika mashindano ya mji wake mwenyewe. Na mpaka leo ndiye mwanamume mweusi pekee duniani aliyewahi kutwaa ubingwa wa Wimbledon, wa Michuano ya Wazi ya Marekani na wa Michuano ya Wazi ya Australia, akicheza peke yake. Jina lake Arthur Ashe.

Lakini sikuja kuwahesabia vikombe. Kuna swali moja ningependa tulishike mpaka mwisho. Ashe alikuwa mtu mtulivu mno. Hakupiga kelele uwanjani, hakuvunja raketi, hakumtukana mwamuzi. Wapo waliomwona mwoga. Wapo weusi wenzake waliosema anawaogopa wazungu. Je, ule utulivu ulikuwa woga, au ulikuwa silaha? Mimi nina jibu langu na sitalificha: ulikuwa silaha. Ila ilikuwa silaha ya gharama kubwa kwa mwenye kuishika, na gharama hiyo ndiyo hasa ninayotaka tuitazame.

Tuanzie Richmond, katika jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Huko ndiko alikozaliwa, tarehe 10 Julai 1943. Richmond ya siku hizo ilikuwa na shule za wazungu na shule za weusi, bustani za wazungu na bustani za weusi. Wazee wetu wa Dar es Salaam waliokaa katika mji wenye Uzunguni, Uhindini na Uswahilini wataelewa haraka bila mimi kueleza sana. Baba yake, ambaye naye aliitwa Arthur, aliajiriwa na mji kuwa mlinzi na msimamizi wa bustani ya weusi iliyoitwa Brookfield. Familia ilipewa nyumba mle mle ndani. Na mle ndani, hatua chache tu kutoka mlangoni, palikuwa na viwanja vinne vya tenisi.

Mnaona bahati ya mtoto huyu? Ubaguzi umemfungia milango yote ya mji, halafu viwanja vinne viko kwenye ua wa kwao.

Bahati hiyo ilikuja pamoja na msiba. Machi 1950, mama yake, Mattie, alifariki kwa matatizo ya ujauzito akiwa na miaka 27 tu. Arthur alikuwa na miaka sita. Kumbukumbu yake ya mwisho juu ya mama ilikuwa kumwona amesimama mlangoni na gauni lake la nyumbani la buluu. Akabaki baba, na watoto wawili wa kiume: Arthur na mdogo wake Johnnie. Tafadhali lishikeni hilo jina la Johnnie, maana tutarudi kwake.

Baba alikuwa mkali wa saa. Aliutembea mwenyewe mwendo wa kutoka shule hadi nyumbani, akaona unachukua dakika 12. Basi, tangu siku hiyo, Arthur alitakiwa awe amefika nyumbani dakika 12 baada ya masomo kwisha. Si 13. Na utaratibu huo haukuwa wa wiki moja au mwezi. Uliendelea hadi alipokuwa kijana wa sekondari. Ukatili? Mzazi mweusi wa Virginia, mwanawe akiwa njiani katika mji ambao neno moja baya mbele ya mzungu lingeweza kumletea balaa, alikuwa na sababu ya kuihesabu kila dakika. Mimi simlaumu.

Kijana mmoja wa chuo, Ron Charity, aliyekuwa hodari wa tenisi pale Richmond, alimwona huyu mtoto mwembamba akikodoa macho kando ya kiwanja, akamfundisha kushika raketi. Baada ya miaka michache akamkabidhi kwa mtu mwingine, na mtu huyo, msikilizaji, ni wa kukaa naye kidogo.

Aliitwa Dokta Robert Walter Johnson, daktari mweusi wa mji wa Lynchburg, Virginia. Kila likizo ya kiangazi alikusanya watoto weusi nyumbani kwake, akawalisha, akawalaza, akawafundisha tenisi katika kiwanja chake. Mikononi mwake ndimo alimopitia pia Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon. Dokta aliwapa watoto mipini ya mifagio, wapige mpira kwa mpini mwembamba ule. Jicho likishazoea mpini, raketi inakuwa pana kama sinia.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa adabu. Msibishane na mwamuzi. Msioneshe hasira. Mkibadilishana upande, okoteni mipira mumkabidhi mpinzani. Na sikilizeni hili: pale pasipo na mwamuzi, mpira ukianguka upande wako nje ya mstari kwa inchi mbili hivi, uhesabu umeingia, uurudishe.

Kwa nini mtoto afundishwe kujinyima pointi iliyo haki yake? Kwa sababu Dokta Johnson alijua wenye mashindano walikuwa wanatafuta kisingizio. Ugomvi mmoja tu wa mtoto mweusi, hata kama haki iko upande wake, ungetosha kuwafungia mlango wote. Kwa hiyo utulivu wa Ashe haukuwa tabia ya kuzaliwa peke yake. Ulifundishwa. Ulifanyiwa mazoezi kama vile wengine wanavyofanyia mazoezi mpira wa kuanzia.

Mwanzoni Arthur alileta ubishi. Alipoelekezwa namna mpya ya kupiga, akajibu kwamba Bwana Charity hakumfundisha hivyo. Dokta hakugombana naye. Alimpigia simu baba. Baba akaendesha gari kutoka Richmond mpaka Lynchburg, akamwambia mwanawe kuwa sasa mwalimu wake ni Dokta Johnson, na atakachoambiwa ndicho atakachofanya. Akageuza gari akarudi. Ubishi ukaisha.

Miaka ya katikati nitaipita haraka. Mwaka 1960 alihamia St. Louis kumalizia sekondari, maana Richmond viwanja vya ndani vilikuwa vya wazungu, na majira ya baridi mtoto mweusi hakuwa na pa kuchezea. Akamaliza akiwa wa kwanza darasani. Akapata ufadhili wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mwaka 1963 akawa mweusi wa kwanza kuichezea Marekani katika Kombe la Davis. Baada ya chuo akaingia jeshini, akawa luteni katika chuo cha kijeshi cha West Point.

Sasa tufike 1968. Aprili, Martin Luther King anauawa. Miji ya Marekani inawaka moto. Vita ya Vietnam inakula vijana. Na mwezi Septemba, kule Forest Hills, New York, yanafanyika kwa mara ya kwanza mashindano ambamo wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa wanakutana. Luteni Ashe, mchezaji wa ridhaa, anaingia fainali na Mholanzi Tom Okker. Wanacheza seti tano. Ya kwanza peke yake inakwenda mpaka 14-12! Ashe anashinda. Anachukua kombe, lakini zawadi ya dola 14,000 hapati, kwa kuwa ni wa ridhaa. Okker aliyeshindwa ndiye anayeondoka na fedha. Ashe alilipwa posho ya dola 20 kwa siku. Wakati wa kukabidhiwa kombe, baba yake, yule mzee wa dakika 12, aliingia uwanjani akalia mbele za watu.

Lakini je, ilikuwaje luteni yule akawa Forest Hills na si Vietnam? Hapo ndipo ninapomrudisha Johnnie. Mdogo mtu alikuwa mwanajeshi wa majini, na alikwisha kupigana Vietnam. Alijua jeshi halikuwa na desturi ya kuwapeleka ndugu wawili vitani kwa wakati mmoja. Akajitolea kwenda tena, mara ya pili, ili kaka yake asipelekwe. Tunapotaja mabingwa huwa tunawasahau watu hawa. Mimi kila nikisikia habari za kombe la 1968 namfikiria Johnnie Ashe huko msituni, ambaye hakuna aliyempa kombe.

Naam, wasikilizaji. Na sisi Waafrika tunaingiaje? Tunaingia kwa mlango mpana.

Mwaka 1970 Ashe alizuru bara letu pamoja na rafiki yake Stan Smith, Mmarekani mzungu, bingwa naye, katika ziara ya urafiki iliyoandaliwa na serikali yao. Walipita Kenya, Tanzania na Uganda, kisha nchi nyingine. Mwaka uliofuata akarudi Afrika, na huko Yaoundé, Kamerun, akamwona mtoto wa miaka 11 akicheza kwa namna iliyomshtua. Hakuishia kumpiga picha na kumpa mkono. Aliwasiliana na Philippe Chatrier, mkubwa wa tenisi ya Ufaransa, akamweleza habari za mtoto yule. Mtoto akachukuliwa kwenda kusomeshwa na kufundishwa Nice. Mwaka 1983 akawa bingwa wa Ufaransa. Ndiye Yannick Noah.

Sehemu ngumu ilikuwa Afrika Kusini. Makaburu walimnyima viza mara kwa mara. Walipokubali, mwaka 1973, alikwenda, lakini kwa masharti: asichukuliwe kama mzungu wa heshima, watazamaji wasitengwe kwa rangi anapocheza, na awe huru kusema anachotaka. Akacheza Johannesburg, akafika fainali, akashindwa na Jimmy Connors, akashinda fainali ya wawili wawili akiwa na Okker. Suala la watazamaji halikutimizwa kama lilivyoahidiwa. Na wapo Waafrika waliomwambia usoni kwamba ziara yake inawapa Makaburu heshima wasiyostahili.

Alikosea kwenda? Hapa Afrika Mashariki wengi wangesema ndiyo. Msimamo wetu ulikuwa kuwatenga Makaburu kabisa katika michezo, na tuliulipia. Mwaka 1976 Tanzania haikwenda Olimpiki ya Montreal, na Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, akabaki nyumbani. Mimi pia naamini njia ya kutenga ndiyo iliyokuwa sahihi. Na Ashe mwenyewe baadaye alikuja upande huo huo, akawa mmoja wa wapiganiaji wakubwa wa vikwazo. Mwaka 1983 alianzisha pamoja na mwimbaji Harry Belafonte umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Januari 1985 alikamatwa na kutiwa pingu nje ya ubalozi wa Makaburu, Washington.

Lakini katika ziara ile ya 1973 kuna jambo ambalo siwezi kulidharau. Kijana mmoja mweusi alikuwa akimfuata kila alikokwenda pale uwanjani. Ashe akamuuliza kwa nini anamfuata. Kijana akamjibu kwamba yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza aliye huru kweli ambaye macho yake yamemwona. Fikirini mtoto wa miaka kumi na minne hivi, hajapata kumwona mtu wa rangi yake akitembea bila kuinamisha kichwa. Na vijana wengine kama yeye walikuwapo. Mark Mathabane, mtoto wa Alexandra, alimshuhudia Ashe mwaka ule, akashika raketi, na miaka mitano baadaye akapata nafasi ya masomo Marekani kwa msaada wa Stan Smith, yule yule aliyepita kwetu mwaka 1970. Akawa mwandishi, akaueleza ulimwengu maisha ya vitongoji vya weusi.

Sasa twende Wimbledon, Julai 1975. Hapa nitakaa, maana ndipo swali letu la utulivu linapopata jibu lake uwanjani.

Fainali ni Ashe na Connors yule yule. Connors ana miaka 22, ndiye bingwa mtetezi, na hajapoteza hata seti moja tangu mashindano yaanze. Ashe amebakiza siku tano atimize 32. Juu ya hayo, Connors amemshtaki mahakamani kwa mamilioni ya dola, kwa sababu Ashe, kiongozi wa chama cha wachezaji, aliandika kwamba kukataa kwake kuichezea nchi Kombe la Davis si uzalendo. Hakuna aliyempa Ashe nafasi. Rafiki zake walikuwa na hofu asije akaaibishwa.

Jioni ya kuamkia mchezo wakakaa pamoja wakapanga. Connors alipenda mpira wa kasi. Ukimpiga kwa nguvu, yeye anaitumia nguvu yako kukurudishia. Basi usimpe nguvu. Mpe mpira mlaini, wa chini, usio na uzito. Anzisha mpira umvute nje kabisa upande wa pigo lake la mikono miwili. Akikimbilia wavu, mpitishie juu ya kichwa. Ashe akayaandika machache katika karatasi, akaja nayo uwanjani.

Msisahau kwamba Ashe mwenyewe maisha yake yote alikuwa mpigaji wa nguvu. Aliombwa auache mchezo wake, achukue mwingine, katika siku kubwa kuliko zote. Nani anaweza? Ni yule aliyefundishwa tangu utoto kujizuia.

Nimeitazama filamu ya mchezo ule. Seti ya kwanza 6-1. Ya pili 6-1. Watazamaji hawaamini. Mmoja anampigia Connors kelele ajitahidi, na Connors anamjibu kwa hasira kwamba anajitahidi. Na kila wanapobadilishana upande, Ashe anaketi, anafumba macho, anatulia tuli kama asiye na mchezo mbele yake. Seti ya tatu Connors anaamka, 7-5. Ya nne anaongoza 3-0. Hapo wengi wetu tungerudia mazoea, tungeanza kupiga kwa nguvu. Ashe hakubadili kitu. Mpira mlaini, wa chini. Akaimaliza 6-4. Akageuka kuwaelekea rafiki zake, akakunja ngumi mara moja, basi.

Nadhani mmeona sasa kwa nini nasema ule utulivu ulikuwa silaha.

Na gharama? Julai 1979, akiwa na miaka 36 tu, alipatwa na mshtuko wa moyo. Akapasuliwa mwaka huo huo, na 1980 akastaafu. Mwaka 1983 akapasuliwa moyo mara ya pili, akaongezewa damu. Wakati huo kipimo cha virusi vya UKIMWI katika damu kilikuwa hakijapatikana, kilikuja 1985. Siku moja mwaka 1988 alitaka kupiga simu, vidole vya mkono wa kulia, ule ule wa Wimbledon, vikakataa kutii. Madaktari wakamfungua ubongo, na ndipo ikajulikana ana UKIMWI.

Alinyamaza. Yeye, mkewe Jeanne, ambaye ni mpiga picha, na rafiki wachache. Walikuwa na binti mdogo, Camera, na hawakutaka anyooshewe vidole. Aprili 1992 mwandishi wa gazeti la USA Today akamuuliza moja kwa moja. Ashe akaona hana njia, akaitisha waandishi siku iliyofuata akatangaza mwenyewe. Alisoma taarifa yake vizuri mpaka alipofikia jina la mtoto. Sauti ikakatika. Akajaribu, ikakataa. Jeanne akasimama akalisoma neno lile kwa niaba yake.

Wasikilizaji wa Uganda, najua mnamkumbuka nani. Mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza mwaka 1989, kwa hiari yake, akazunguka shule na makanisa akisema: mimi ninao. Lutaaya alichagua, Ashe alilazimishwa, na Ashe alikasirika kulazimishwa. Nami naona alikuwa na haki. Ugonjwa wa mtu si mali ya gazeti. Lakini baada ya kukasirika hakukaa ndani. Alianzisha taasisi ya kupambana na UKIMWI. Septemba akakamatwa tena, safari hii mbele ya Ikulu ya Marekani, akipinga namna wakimbizi wa Haiti walivyokuwa wakirudishwa. Tarehe 1 Desemba akahutubia Umoja wa Mataifa juu ya UKIMWI.

Na miezi ile alisema jambo ambalo halijaniacha tangu nilipolisoma. Alisema UKIMWI haukuwa mzigo mzito kuliko yote aliyobeba. Mzito zaidi ulikuwa kuwa mtu mweusi Marekani. Mnasikia, ndugu zangu? Mtu aliyefumba macho kwa utulivu ule mbele ya ulimwengu wote, ndani yake alikuwa amebeba hilo tangu Brookfield.

Arthur Ashe alifariki New York tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49. Mwili ulirudishwa Richmond, ukalazwa katika nyumba ya gavana, na maelfu wakapanga foleni usiku kumuaga. Gavana mwenyewe, Douglas Wilder, alikuwa mweusi. Alizikwa karibu na mama yake.

Wasikilizaji wapenzi, muda wangu umekwisha. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutabaki nyumbani kwa Dokta Johnson pale Lynchburg, nami nitawasimulia habari za Althea Gibson, binti wa Harlem aliyeshinda Wimbledon mwaka 1957, miaka 18 kabla ya Ashe. Mpaka hapo, kwaherini.